Bingwa Mara 9, Akahama Timu, Wakasema Kaisha! Kumbe Kuna Stori ya Fremu na Shokapu

Wadau, leo tunaanza na mtu ambaye hata kama hujawahi kuangalia mbio za pikipiki maisha yako yote, huenda namba yake umeshaiona kwenye stika mahali: 46 ya njano. Valentino Rossi. Mtaliano, mataji 9 ya dunia, 7 kati ya hayo ya daraja la juu kabisa. Kwa mashabiki wengi huyu ndiye pikipiki yenyewe.

Msimu wa 2010 ulipoisha jamaa akaondoka Yamaha, akasaini Ducati. Mtaliano juu ya mashine ya Kitaliano, nyekundu, nyumbani kabisa. Kila mtu akaona hii ndoa imetoka mbinguni. Mwaka 2011 ukaanza, Rossi ana miaka 32, na balaa likaanza pale pale. Misimu miwili mizima hakushinda mbio HATA MOJA. Jukwaani alipanda mara 3 tu. Mwaka 2011 alimaliza wa 7, mwaka 2012 akamaliza wa 6. Na cha kuuma zaidi, Casey Stoner, kijana wa Australia aliyekuwa anaiendesha hiyo hiyo Ducati kabla yake na kushinda nayo, alihamia Honda na mwaka huo huo wa 2011 akabeba ubingwa wa dunia.

Unajua maneno ya watu yakoje. Mzee kaisha. Alikuwa anabebwa na mashine nzuri. Dogo aliiweza, yeye kashindwa. Mwanaume wa mataji 9 akawa kichekesho.

Lakini kuna watu waliokuwa hawamwangalii Rossi kabisa. Wao walikuwa wanaangalia kitu kilichopo katikati ya tairi la mbele na tairi la nyuma. Fremu. Na ili uelewe walichokuwa wanakiona, inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya 100. Tulia, stori ni tamu.

BAISKELI ILIYOFUNGWA INJINI

Pikipiki nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1900 zilikuwa baiskeli zilizofungwa injini. Sitanii. Bomba zile zile, tandiko lile lile, na nyingine zilibaki hadi na pedeli. Nyuma hakukuwa na shokapu yoyote. Kilichokulinda na mashimo ni upepo wa tairi na springi za kiti, basi. Mbele ndiyo watu waliweka springi mapema kidogo, maana bila hivyo mikono inakufa ganzi.

Mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ikaingiza sokoni R12 na R17, pikipiki za kuuzwa kwa raia wa kawaida zikiwa na shokapu za mbele za bomba linaloingia ndani ya bomba, ndani yake mna mafuta. Ukitoka nje sasa hivi ukaangalia bodaboda iliyopaki hapo kijiweni, mbele utaona mtindo huo huo. Miaka kama 90 imepita na bado upo.

Hayo mafuta yana kazi gani? Chukua godoro la springi, mrushie mtoto juu yake. Atadunda, atadunda tena, atadunda tena. Springi haijui kuacha. Sasa ukiilazimisha ipitishe mafuta kwenye kitundu kidogo kila inapobanwa na kila inapoachia, inakosa nguvu ya kucheza, inatulia. Springi inabeba uzito, mafuta yanaituliza. Ukikosa kimoja umekosa vyote.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani shokapu ni kwa ajili ya makalio yetu yasiumie. Hapana. Kazi kubwa ya shokapu ni kuhakikisha tairi halipai. Tairi likidunda likaacha lami, hata kwa sekunde kidogo sana, hapo huna breki, huna kona, huna chochote. Umekaa juu ya chuma kinachoelea.

Lakini dunia ilichelewa kuelewa hili. Philip Vincent wa Uingereza alikuwa anaweka springi za nyuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na wateja wengi hawakuziamini. Waliona sehemu ya nyuma inayocheza itaifanya pikipiki iyumbe. Harley-Davidson wenyewe, na ukubwa wao wote, pikipiki zao kubwa zilipata shokapu za nyuma mwaka 1958!

Na tuwe wakweli, waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wajinga. Ukiweka shokapu nyuma umeongeza kiungo kinachocheza. Kiungo hicho kikikaa kwenye fremu dhaifu, tairi la nyuma linaenda lake na la mbele linaenda lake. Kwa hiyo shokapu na fremu ni ndugu, huwezi kumtengeneza mmoja ukamwacha mwenzake. Aliyelionyesha hilo mbele ya dunia nzima alikuwa fundi mmoja wa Belfast, Ireland ya Kaskazini.

PIKIPIKI ILIYOITWA GODORO

Jina lake Rex McCandless. Ufundi alijifunza mwenyewe, akifanya kazi na ndugu yake Cromie. Wakati huo Norton ya Uingereza ilikuwa inakimbiza mbio kwa fremu ambayo watu waliibatiza jina la geti la bustani. Ilikuwa nzito, na kipigo cha mbio kilikuwa kinaipasua.

McCandless akaja na wazo ambalo ukiliona leo unasema mbona rahisi. Alichukua bomba za chuma chepesi cha ubora wa juu, akazikunja zikawa vitanzi viwili, kimoja kulia kingine kushoto. Vitanzi hivyo vinaikumbatia injini, halafu mbele vinapishana pale kwenye shingo ya hendeli. Nyuma akaweka mkono unaopanda na kushuka, na shokapu mbili. Vitanzi vikikaa mbalimbali namna hiyo fremu haikubali kusokotwa kirahisi.

Kwa nini kusokotwa ni jambo kubwa? Jaribu hivi. Chukua rula ya plastiki, shika ncha hii kwa mkono wa kulia na ile kwa mkono wa kushoto, uisokote. Mkono wa kulia ni tairi la mbele, wa kushoto ni la nyuma. Ukiwa kwenye kona kwa kasi, lami inasukuma tairi zote mbili kwa upande. Fremu ikisokotwa, tairi la mbele linaangalia kwingine na la nyuma kwingine. Wewe hujagusa hendeli, lakini pikipiki imeshajipigia kona yake. Unairekebisha, fremu inajirudisha, inapitiliza upande wa pili. Unairekebisha tena. Mchezo huo ukianza kwenye mwendo mkali, omba Mungu.

Mwezi Juni 1950 Norton wakapeleka fremu mpya kwenye mbio za Isle of Man, kisiwa chenye barabara za kawaida za mtaani, mzunguko mmoja kama kilomita 60, kuta za mawe huku na huku. Matokeo? Kwenye mbio za daraja la 500 nafasi ya 1, 2 na 3 zote Norton, mshindi Geoff Duke. Kwenye daraja la 350 nafasi ya 1, 2 na 3 zote Norton, mshindi Artie Bell. Kufagia kabisa. Inasimuliwa kuwa dereva wao Harold Daniell, alipoijaribu, alisema ni kama kulala kwenye godoro la manyoya, na jina likaganda hapo hapo: Featherbed.

Sasa sikia utamu. Wapinzani wao wakubwa, Gilera wa Italia, walikuwa na injini ya silinda nne. Norton walikuwa na silinda MOJA. Kwa nguvu walikuwa wanazidiwa wazi. Mwaka 1950 Duke aliukosa ubingwa wa dunia wa 500 kwa pointi 1 tu, na mwaka 1951 akaubeba pamoja na ule wa 350. Aliyekuwa na nguvu kidogo anaingia kwenye kona mapema, anatoka mapema, huku mwenye nguvu nyingi anapigana na chuma chake.

Gilera wakafanya jambo la akili. Mwaka 1953 wakamchukua Duke mwenyewe! Alipofika hakuomba nguvu zaidi. Alitaka fremu irekebishwe ifanane na alichokizoea Norton. Akabeba ubingwa 1953, 1954 na 1955. Ukishakuwa na nguvu na mwili wa kuibeba, nani atakugusa?

VIJANA WA LONDON NA MASHINE YA KUCHANGANYA

Hii ikatoka kwenye mbio ikaingia mtaani. London miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na vijana wa makoti ya ngozi, wanakusanyika kwenye mgahawa wa Ace Cafe, muziki wa rock and roll juu, kila mmoja anataka mashine ya kasi. Wakagundua kitu: injini inayopendwa ni ya Triumph, lakini fremu inayoshika kona ni ya Norton. Wafanyeje?

Wakachanganya. Injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, na jina nalo wakalichanganya: Triton. Hakuna kiwanda kati ya hivyo viwili kilichoiuza. Ni vijana wenyewe na mafundi wao, kwenye gereji ndogo na kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba. Leo Triton nzuri inasakwa na wenye pesa zao. Kwa hiyo ukiona mtu anasema vijana hawajui wanachokitaka, mkumbushe kwamba hawa walijua hadi fremu.

WAJAPANI WANALETA MOTO

Halafu dunia ikabadilika. Mwaka 1969 Honda wakaleta CB750, silinda nne, nguvu za farasi 67, inawaka kwa kubonyeza kitufe, na haimwagi oili sakafuni kama zile za Kiingereza. Mwaka huo huo Kawasaki wakatoa H1, cc 500, silinda tatu, nguvu za farasi 60 kwenye mwili mwepesi. Mwaka 1972 wakaongeza H2 ya cc 750, na Z1 ya cc 903 yenye farasi 82. Vijana walichanganyikiwa. Kwa hela ya kawaida unapata kasi ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa ya madereva wa mbio peke yao.

Tatizo? Injini zilikimbia mbele, fremu na shokapu zikabaki nyuma. Bomba zilikuwa bado nyembamba, mkono wa nyuma unajipinda, shokapu zikipata joto mafuta yake yanakuwa mepesi na springi zinaanza kucheza zinavyotaka. Kwenye barabara iliyonyooka ulikuwa mfalme. Kwenye kona ulikuwa abiria. Zile Kawasaki za silinda tatu zilipewa jina la mtengeneza wajane. Waza, pikipiki inaitwa hivyo na watu bado wanapanga foleni kununua.

Hapo watu wakaanza kuyajua majina mawili ya kifo, na ni vizuri na wewe uyatofautishe.

La kwanza ni kutikisika kwa hendeli. Tairi la mbele linapiga kulia kushoto kwa kasi kubwa, mara 6 hadi 10 kwa sekunde moja. Hendeli inakupiga mikono kama ina umeme.

La pili ni kuyumba kwa mwili mzima kama nyoka. Hili ni la polepole, kama mara 2 hadi 4 kwa sekunde, lakini linatokea kwenye mwendo mkali na linahusisha pikipiki nzima, nyuma na mbele zinavutana. Hapa ndipo fremu inayosokotwa na shokapu iliyochoka zinashirikiana kukumaliza.

Na kwa miaka mingi, mtu akianguka hivyo ilisemwa hajui kuendesha. Chuma kimejipinda, lawama anabeba binadamu.

MBAVU ZILIZOZAA KIWANDA

Mmoja wa walioanguka alikuwa Massimo Tamburini wa Rimini, Italia. Mwaka 1972 alikuwa na Honda CB750 yake kwenye uwanja wa Misano, kona ikamshinda, akavunjika mbavu. Huyu alikuwa na wenzake wawili, Bianchi na Morri, wana kampuni ya mambo ya mabomba na mifumo ya kupasha joto majengo. Jina la kampuni lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao: Bi, Mo, Ta. Bimota.

Tamburini akaichukua injini ya Honda ile ile na kuitengenezea fremu yake mwenyewe. Kukunja na kuunga bomba ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, kumbuka. Pikipiki hiyo ikaitwa HB1, yaani Honda Bimota namba moja, na mwaka 1973 Bimota ikaingia rasmi kwenye biashara ya pikipiki. Fundi mabomba aliyevunjika mbavu akawaonyesha Wajapani kwamba injini yenu ni nzuri, mwili ndiyo bado. Miaka ya baadaye Tamburini huyo huyo alibuni Ducati 916 ya mwaka 1994, ambayo watu wengi wanaitaja kati ya pikipiki nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa.

KILA MTU ANATAKA FREMU NGUMU

Miaka ya 1980 ikaja na Mhispania Antonio Cobas. Yeye aliachana na bomba za duara. Mwaka 1982 alitengeneza fremu ya alumini yenye boriti mbili nene, zinatoka shingo ya hendeli moja kwa moja, kulia na kushoto mwa injini, hadi pale mkono wa nyuma unapofungwa. Njia fupi kabisa kutoka mbele kwenda nyuma.

Kwa nini alumini, wakati tunajua alumini ni laini? Kweli ni laini, kama mara tatu kuliko chuma. Lakini pia ni nyepesi kama mara tatu. Kwa hiyo kwa uzito ule ule unaweza kutengeneza boksi kubwa zaidi, na ukubwa wa boksi ndio unaoleta ugumu. Mrija wa karatasi mnene ni mgumu kuukunja kuliko kijiti chembamba cha uzito huo huo. Ni hivyo tu.

Wazo likasambaa kama moto wa nyika. Yamaha wakawa na Deltabox yao, ambayo mwaka 1985 ilifika kwa raia kwenye TZR250. Mwaka huo huo Suzuki wakatoa GSX-R750 ya fremu ya alumini. Na mwaka 1989 kijana Àlex Crivillé akabeba ubingwa wa dunia wa 125 akiwa juu ya JJ Cobas, mashine ya kiwanda kidogo cha Barcelona, mbele ya majina makubwa ya Japani. Mwisho wa siku njia ya Cobas ikawa njia ya karibu wote.

Na hapo ndipo ulimwengu ukaingia kwenye ulevi. Kama ugumu kidogo ni mzuri, basi ugumu mwingi ni mzuri zaidi. Si ndiyo?

Siyo.

PIKIPIKI IKILALA, SHOKAPU INALALA NAYO

Simamisha pikipiki wima. Tuta likija kutoka chini, linasukuma tairi juu, shokapu inabonyea juu. Safi, zote ziko kwenye mstari mmoja.

Sasa ilaze kwenye kona. Madereva wa mbio za leo wanailaza zaidi ya nyuzi 60, kiwiko kinagusa lami. Tuta bado linasukuma kutoka chini kwenda juu. Lakini shokapu haiko wima tena, imelala pamoja na pikipiki. Ukipiga hesabu, kwenye nyuzi 60 ni nusu tu ya msukumo wa lile tuta inayoelekea upande ambao shokapu inaweza kubonyea. Sehemu nyingine inapiga pikipiki kwa ubavu. Na ubavuni hakuna springi.

Nani anaumeza huo mpigo wa ubavuni? Tairi kidogo. Na fremu. Ile ile fremu tuliyosema isijipinde! Kama imekakamaa kabisa, tairi linaruka juu ya kila kijiwe, linashika linaachia, na dereva anasikia mtetemo badala ya kuisikia lami. Kama inanyumbulika kidogo tu kwa ubavu, inameza, tairi linabaki chini, na dereva anahisi pale tairi linapoanza kuchoka kabla halijamtupa.

Kwa hiyo wahandisi wakaacha kuuliza ngumu kiasi gani, wakaanza kuuliza ngumu UPANDE GANI. Iwe ngumu kwa breki, maana breki kali inataka kuikunja kama karatasi. Iwe ngumu ya kutosha kwa kusokotwa, ili tairi mbili ziangalie njia moja. Lakini kwa ubavu, iachie kidogo. Ndiyo maana ukiangalia fremu za kisasa unakuta mahali ukuta mwembamba, mahali mnene, mahali kumetobolewa. Siyo urembo, mengi ya hayo ni mahesabu.

TUMRUDIE MZEE WETU

Sasa turudi 2011. Kuanzia 2009 Ducati waliachana na fremu yao ya zamani ya bomba za chuma, ile ambayo Stoner alibebea ubingwa 2007. Wakaweka muundo wa nyuzi za kaboni, kipande kifupi kinachounga shingo ya hendeli moja kwa moja na injini. Nyepesi, ngumu, ya kisasa. Kwenye karatasi ilikuwa noma.

Stoner alishinda nayo mbio 4 mwaka 2009 na 3 mwaka 2010, huku akianguka pia pale mbele ilipoteleza bila kumpa taarifa. Kijana alikuwa na namna yake ya kuendesha, anaifuata hatari hadi kwenye kingo. Rossi yeye uwezo wake wote umejengwa juu ya kitu kimoja: kuhisi tairi la mbele. Anavunja breki hadi ndani ya kona kwa sababu tairi linamwambia bado, bado, bado, hapo basi. Kwenye ile Ducati lilikuwa kimya. Alilalamika tangu mwanzo kwamba mbele hapati hisia na kwenye kona pikipiki inakwenda pana.

Na Ducati walimsikia. Mwaka 2011 katikati ya msimu wakaanza kumletea kipande cha alumini. Mwaka 2012 wakaja na fremu kamili ya alumini ya boriti mbili. Yaani ile njia ya Cobas.

Je, akashinda? Hapana. Na hapa lazima tuwe wakweli, maana kuna watu watakwambia shida ilikuwa kaboni tu. Injini ya Ducati ilikuwa ndefu kwa umbo, na kupanga uzito wake kati ya mbele na nyuma kulikuwa mtihani mwingine. Fremu, shokapu, tairi, uzito, vyote vinazungumza kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kimoja umebadilisha mazungumzo, hujamaliza ugomvi.

Mwaka 2013 Rossi akarudi Yamaha. Mwezi Juni, Assen, Uholanzi, akashinda. Mwaka 2015, akiwa na miaka 36, alikosa ubingwa wa dunia kwa pointi 5 tu. Huyo ndiye aliyekuwa "kaisha".

Na Ducati? Walipanga upya mashine yao nzima, wakashinda tena mbio Austria 2016, ushindi wa kwanza tangu Stoner mwaka 2010. Mwaka 2022 wakabeba ubingwa wa dunia wa madereva, miaka 15 baada ya ule wa 2007. Unajua nani aliuleta? Francesco Bagnaia, kijana aliyelelewa kwenye akademi ya Valentino Rossi. Mwalimu alichokikosa, mwanafunzi akakichukua.

SASA WEWE NA BODA YAKO

Utasema, mimi sina Ducati, mimi napanda boda kwenda kazini. Sawa, lakini sheria ni zile zile.

Ukipakia mishikaki, watu watatu na begi nyuma, uzito mwingi unahamia nyuma. Nyuma inakaa, shokapu zinafika mwisho, na shokapu iliyofika mwisho ni chuma tupu, haifanyi kazi tena. Mbele kunakuwa kwepesi, hendeli inaelea, breki ya mbele inapoteza mshiko, na kwenye kona pikipiki inakwenda pana, kuelekea upande wa gari linalokuja. Dereva hajabadilika. Ni yule yule aliyekuwa vizuri alipokuwa peke yake.

Ndiyo maana inafaa kujua haya machache. Shokapu inayovuja mafuta imebaki springi tupu, ni lile godoro la kurusha watoto. Beringi za shingo ya hendeli zikilegea, ukishika breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele nyuma utasikia inagonga. Bushi za mkono wa nyuma zikiisha, ukilishika tairi la nyuma na kulivuta kwa upande linacheza. Upepo wa tairi ukiwa mdogo, hata fremu nzuri itayumba. Shokapu nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi chini, unaizungusha ikaze springi ukiwa na mzigo, kazi ya dakika chache. Na fremu iliyopata ajali ikachomelewa kwa haraka, hata ikipakwa rangi ikang'aa, huenda tairi zake haziko tena kwenye mstari mmoja. Kabla ya kununua iliyotumika, simama nyuma yake kwa mbali, chuchumaa, uangalie.

Na ikitokea hendeli imeanza kutikisika, usiibane kwa hasira na usirukie breki. Legeza mikono, achia mafuta taratibu.

Kwa hiyo siku ukiona pikipiki imeyumba, kabla hujasema dereva hajui, kumbuka mbavu za Tamburini na miaka miwili ya Rossi. Huenda hajui kweli. Au huenda chuma ndicho kimekosea na yeye ndiye anayelipa.

Haya, zamu yako. Umewahi kupanda boda ikaanza kutikisika ukamkumbuka hadi mwalimu wako wa darasa la kwanza? Na wewe dereva, shokapu zako ulizikagua lini? Dondosha komenti hapo chini, tusomane.